Kwa nini gemu kubwa za risasi zinahangaika kwenye mashine za mkononi? Nisaidieni kabla sijauza yangu

Utingo wa Kusini (Mtwara), Jumapili, saa 3 usiku

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari za jioni.

Mimi ni utingo wa lori la mizigo, Mtwara kwenda Dar na kurudi. Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba tunalala barabarani kuliko tunavyolala nyumbani. Siku mbili tuko kwenye foleni ya ghala tukisubiri kupakia, halafu Mingoyo, Lindi, Nangurukuru, Somanga, daraja la Mkapa, hadi mjini. Muda wa kukaa tu ni mwingi sana. Ndiyo maana mwaka jana nilijibana nikanunua Nintendo Switch iliyotumika, mashine ya gemu ya kushika mkononi, ile ya kioo cha inchi 6.2, pamoja na kadi ya gemu ya risasi iitwayo DOOM, ile ya 2016.

Sasa DOOM naijua vizuri. Niliimaliza nikiwa bado naishi kwa kaka yangu, huko Chikongola, kwenye PS4 (mashine ya gemu ya Sony ya kukaa nyumbani) na televisheni yake ya sebuleni, na mpaka leo hakuna gemu ya risasi iliyonishika kama ile. Hujifichi nyuma ya ukuta kusubiri damu irudi. Unakimbia, unawafuata wao, ukisimama umekufa. Nilikuwa nafika mahali sifikirii tena pedi, nafikiria adui tu.

Kwenye mashine ya mkononi nilikuta ni kitu kilekile: ramani zilezile, mashetani walewale, hata ule muziki. Siku ya kwanza nilimwamsha dereva usiku wa manane nimwonyeshe. Lakini baada ya wiki nikahisi mkono wangu umekuwa mzito. Adui wa mbali namwona kama doa. Wakijaa wengi picha inaingia ukungu kama kioo cha lori alfajiri. Nikigeuka haraka kulenga napitiliza, nikirudi napitiliza upande wa pili. Na betri nayo: tunatoka Mtwara saa 12 asubuhi ikiwa imejaa, tukifika Mchinga imeshazima.

Mwenzangu wa lori jingine anacheza mpira kwenye mashine kama yangu na haoni tatizo lolote. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Ni yangu imechoka, au gemu hizi ndivyo zinavyokuwa zikihamishiwa kwenye vitu vidogo? Mbona mpira unakubali na risasi zinagoma? Na kuna namna ya kurekebisha, au niuze nijikusanye ninunue Steam Deck, ile mashine ya mkononi inayocheza gemu za kompyuta?

Kijiweni wameniambia "uza tu". Sijaridhika. Nataka kwanza nielewe kinachotokea mle ndani.

Fundi wa Ligula (Mtwara), Jumapili, saa 5 usiku

Marahaba mdogo wangu. Usiuze kwanza.

Nafungua vifaa hivi kila wiki hapa Ligula. Simu ndizo zinazonilisha, lakini mashine za gemu ndizo ninazozipenda, na swali lako linastahili jibu la kutulia. Kwa dalili ulizozitaja mashine yako haijachoka. Unachokiona ni hesabu ya umeme.

PS4 ya kaka yako imechomekwa ukutani. Gemu ikipamba moto inavuta zaidi ya wati 100, na ina feni kubwa ya kutoa joto nje. Yako ina betri ya mAh 4310, yaani karibu wati-saa 16. Ukiimaliza kwa saa mbili na nusu maana yake kila kitu, kioo, chipu, spika, feni, kinaishi kwa wati 6 na ushee. Taa ya LED ya sebuleni kwako huenda inakula zaidi. Ndani ya umeme huo watu wameingiza DOOM nzima. Mimi nikilifikiria hilo bado nashangaa.

Chipu iliyomo ni Nvidia Tegra X1. Mashine ikiwa imekaa kwenye kile kituo chake cha kuiunganisha na televisheni, sehemu inayochora picha inakwenda kwa MHz 768. Ukiichomoa tu ukaishika mkononi inashushwa hadi 384 au 307, na gemu chache zinaruhusiwa kufika 460. Imepangwa hivyo makusudi, ili betri idumu na vidole visiungue.

Halafu kuna RAM, kumbukumbu ambayo chipu inafanyia kazi. Watu huuliza GB ngapi, wanaambiwa yako 4 na ya PS4 8, wanaona tofauti ni nusu tu. Swali linalouma ni data inapita kwa kasi gani. Kwenye PS4 ni GB 176 kwa sekunde. Kwenye yako, ikijitahidi mwisho wa uwezo wake, ni 25.6. Wewe unapakia korosho, utanielewa: ghala linaweza kujaa hadi dari, lakini kama mlango unapitisha mtu mmoja na gunia moja, lori litakesha hapo.

Gemu ya risasi inaubana mlango huo kuliko mpira. Kwenye mpira kamera iko juu na mbali, inateleza taratibu, na nyasi za upande huu ni zilezile za upande ule. Kwenye DOOM kamera ni macho yako mwenyewe. Ukigeuka kidogo tu, kioo kizima kimebadilika: ukuta mwingine, taa nyingine, adui mwingine amekujia hadi puani. Na kibaya kuliko vyote ni moshi na moto. Mlipuko mmoja ni matabaka mengi ya moshi yamelaliana, na kila tabaka mashine inapaka upya sehemu ileile ya kioo. Kila kupaka ni safari nyingine mlangoni. Ndiyo maana ukiwa peke yako kwenye korido picha iko safi, wakijaa na maroketi yakianza kuruka inaingia ukungu.

Ukungu wenyewe nao ni uamuzi wa mtu. Walioihamisha DOOM ni Panic Button, wako Austin, Texas, na waliitoa tarehe 10 Novemba 2017. Hawakupunguza adui wala hawakukata vyumba. Badala yake gemu inajipima yenyewe kila mara: ikiona inachelewa, inachora pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) chache zaidi, kisha inaivuta picha ijae kioo. Kioo chako kina pikseli 1280 kwa 720. Mapigano yakikolea huzipati zote, unapata picha ndogo iliyovutwa, na adui wa mbali aliyekuwa na pikseli sita au saba anabaki na tatu. Doa unalolisema ndilo hilo. Kwenye mpira ukipoteza pikseli za shabiki jukwaani hujapoteza kitu. Kwenye risasi umepoteza shabaha.

Sasa mkono mzito. Kule Chikongola ulikuwa unapata fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 zinazofuatana, kila moja inachorwa ndani ya milisekunde 16.7. Mkononi ni 30, milisekunde 33.3. Walijipatia muda mara mbili wa kuchora, na bila hivyo isingeingia kabisa, lakini gharama yake imebebwa na kidole chako. Ukisukuma stiki, gemu inasubiri fremu inayofuata, inahesabu, inachora, ndipo kioo kinakuonyesha. Hatua zote hizo zinahesabiwa kwa fremu, na kila fremu imerefuka. Unapoona alama ya kulengea iko juu ya adui, hiyo ni habari iliyopita kidogo, na kidole kimeshaendelea kusukuma. Unapitiliza kwa sababu mkono wako ulifundishwa kwa 60.

Hapa nina msimamo, na nimebishana na watu wengi kuhusu hili. Gemu ya risasi ikibanwa, picha ndiyo itangulie kuumia, mkono uwe wa mwisho. Angalia Splatoon 2 ya mwaka 2017, mashine hiihii yako: ule uwanja wa kutembelea na kununua nguo wameuacha kwenye 30, ukiingia kwenye mapambano inakuwa 60. Waliotengeneza walijua mchezaji anahitaji nini na wapi. Paladins nayo ilikuja 2018 ikiwa 60. Lakini hizo mbili picha zake ni nyepesi, za rangi kama katuni. DOOM ilishatengenezwa kwa mashine kubwa kwanza, na kwa picha ile isingewezekana kukata tena ikabaki kueleweka. Siwalaumu. Nasema tu kwamba ukichagua gemu ya risasi ya kucheza mkononi, uliza fremu kabla ya kuuliza picha.

Kesho geuza mashine yako usome kile kibandiko cha namba. Kama imeandikwa HAC-001(-01) ni ile ya 2019 yenye chipu iliyopunguzwa ulaji, ambayo betri ileile inakwenda saa 4 na nusu hadi 9. Kama ni HAC-001 tupu, ni ya mwanzo, saa 2 na nusu hadi 6 na nusu. Nadhani yako ni tupu. Na hiyo Mchinga yako inaniambia hivyo.

Binti Mchinga (Lindi), Jumatatu, saa 1 usiku

Kaka Utingo pole na safari, na asante kwa kuitaja Mchinga, ni kwetu. Sasa hivi nakaa Lindi mjini, nafundisha kompyuta, na usiku watoto wakilala natengeneza gemu ndogo za simu kwa Godot.

Fundi amemaliza upande wa umeme. Nataka niongeze kidole gumba, maana hata ungepewa umeme wa kutosha bado kingekusumbua.

Gusa stiki ya pedi ya PS4, kisha gusa ya kwako. Yako ni fupi, safari yake kutoka katikati hadi ukingoni ni ndogo. Kosa dogo la kidole linakuwa kosa kubwa kwenye kioo. Kwa gari au mpira hulihisi. Kwa kulenga kichwa cha mtu aliye mbali unalihisi kila risasi.

Tatizo hili ni la zamani. PSP, mashine ya mkononi ya Sony, ilipotoka Japani mwisho wa 2004 ilikuwa na kijistiki kimoja tu. Nilikua nikiitazama kwa kaka zangu, na gemu nyingi za kuona kwa macho ya askari zilikufanya utembee kwa kijistiki na ulenge kwa vile vitufe vinne vya kulia. Nilikuwa nawaonea huruma vidole vyao. Ndiyo maana nampenda aliyeamua kwamba Killzone: Liberation ya 2006 itazamwe kutoka juu. Guerrilla, waliotengeneza gemu hiyo, walikiangalia kifaa kwanza, wakaigeuza gemu ilingane nacho. Ilipokuja mrithi wake, PS Vita, mwaka 2011 ilikuwa na stiki mbili, watu wakasema sasa tumepona, lakini vile vitufe vya pili vya begani havikuwepo. Call of Duty ya Vita ya 2012 ikapeleka mabomu ya kurusha kwenye kioo cha kugusa. Fikiria katikati ya mapigano unatoa kidole kwenye kulenga ukaguse kioo. Killzone: Mercenary ya 2013 nayo ilitumia kugusa kioo, lakini kwa kumchoma adui aliye karibu, wakati ambao kulenga hakuhitajiki tena. Vifaa ni vilevile, tofauti ni mtu aliyekaa akafikiria kidole kiko wapi sekunde ile.

Dawa yako wewe ipo ndani ya mashine yako na nina hakika hujaiwasha: kulenga kwa kuinamisha. Mle ndani kuna kihisi cha mwendo, na DOOM iliongezewa uwezo huo kwa sasisho mapema 2018. Unageuka kwa stiki mwendo mkubwa, kisha ule mwisho mdogo wa kumfikia adui unaumalizia kwa kuinamisha mashine kidogo kwa viganja. Kiganja kina utulivu ambao kidole gumba hakina. Ingia kwenye mipangilio, iwashe, punguza wepesi wa stiki, jipe siku tatu. Siku ya kwanza utaichukia.

Lakini sikiliza vizuri, hili ni lako wewe wa lori. Kihisi kile hakijui kama kilichogeuka ni kiganja chako au ni lori. Nilikigundua kwenye basi nikitoka Kilwa kurudi Lindi. Basi likikata kona, mtu wangu kwenye gemu naye anakata kona, anatazama ukuta. Likipiga shimo, alama ya kulengea inaruka hadi angani. Nikadhani gemu yangu mwenyewe ina kasoro, nikafungua msimbo usiku kucha kutafuta kosa ambalo halikuwepo. Kwa hiyo lori likitembea zima kihisi, tumia stiki. Mkiwa kwenye foleni ya ghala, washa.

Na jambo la joto. Nilipojaribu kigemu changu cha bunduki kwenye simu kilianza na fremu 60. Baada ya dakika kumi ya jua la saa nane mchana zilibaki 38, simu imejipunguza yenyewe isiungue. Watu hujaribu gemu dakika mbili wanasema inakwenda. Ijaribu dakika arobaini ndipo useme.

Utingo wa Kusini (Mtwara), Jumanne, saa 12 jioni

Fundi umepatia, ni HAC-001 tupu.

Dada yangu, jana tulisimama Mnazi Mmoja kubadilisha tairi, nikawasha hiyo ya kuinamisha. Dakika ishirini za mwanzo ilikuwa mateso. Halafu nikampiga mmoja aliyekuwa juu kabisa ya jukwaa, risasi moja, nikajikuta nimesimama. Nitaendelea nayo.

Bado la Steam Deck linanikaa kichwani. Na je, kucheza na watu mtandaoni nikiwa njiani kunawezekana, au nisahau?

Mwana Mikindani (Mtwara), Jumanne, saa 2 usiku

Mimi ninayo Steam Deck, ile ya mwanzo ya 2022, aliniletea shemeji yangu. Nikuambie nilivyoiona.

DOOM yako hiyo inacheza fremu 60 bila shida yoyote. Ina RAM ya GB 16, kioo cha 1280 kwa 800, na chipu yake inaruhusiwa kula hadi wati 15 peke yake. Ndiyo raha na ndiyo taabu: betri ni wati-saa 40, ni kubwa, lakini gemu nzito ikiibana naiona inaisha ndani ya saa mbili. Naweza kuifunga kwenye fremu 40 au kuipunguzia wati ikaenda mbali zaidi, na huwa nafanya hivyo. Uzito wake ni gramu 669. Ya kwako na vishikio vyake ni 398. Nikicheza nimelala chali mikono inachoka kabla ya betri.

Mtandaoni ndiko kwenye ukuta. Mfumo wake ni Linux, na gemu nyingi kubwa za kupigana na watu zina programu ya kuzuia wadanganyifu ambayo inataka kukaa ndani kabisa ya Windows. Call of Duty za sasa hazifunguki humo, Fortnite hivyohivyo. Apex Legends ilikuwa inacheza, mwisho wa 2024 wakaifungia Linux kwa maelezo kwamba wadanganyifu walikuwa wanapitia huko. Chipu inaweza, sheria ya mlangoni ndiyo inakataa. Kabla hujatoa hela, andika gemu unazozitaka kisha angalia moja moja kama inaruhusiwa.

Kuhusu njiani, sahau kaka. Seva (kompyuta zinazoendesha mchezo wa mtandaoni) za gemu nyingi zilizo jirani yetu ziko Afrika Kusini, Bahrain, la sivyo Ulaya. Hapa Mikindani nikiwa nimetulia na laini ya nyumbani bado nakufa baada ya kuwa nimeshajificha nyuma ya ukuta, kwa sababu kule kwenye seva nilikuwa sijajificha bado. Wewe ukiwa Mbwemkuru mnara unapotea na kurudi hutacheza hata raundi moja. Na bando: DOOM ya kompyuta peke yake ni zaidi ya GB 50. Kadi yako ya Switch ina kampeni yote, yaani hadithi ya kucheza peke yako, ndani, unaichomeka unacheza. Sehemu ya kucheza na wenzako tu ndiyo ilibidi ipakuliwe pembeni. Kwa mtu wa barabarani kadi ni neema, mimi ninaionea wivu.

Fundi wa Ligula (Mtwara), Jumanne, saa 4 usiku

Mwana Mikindani umesema vyema hilo la kadi. Naongeza mawili, hela ikipatikana na hela isipopatikana.

Ikipatikana, kuna Switch 2, imetoka tarehe 5 Juni 2025. Kioo inchi 7.9 cha 1080p (pikseli 1920 kwa 1080, chako ni 720p), RAM GB 12, na ina DLSS ya Nvidia: inachora picha ndogo kama yako inavyofanya, ila ya kuivuta inatumia hesabu iliyofunzwa kujaza kilichokosekana, kwa hiyo ukungu unapungua sana. Ule mlango wa ghala mkononi umefika GB 68 kwa sekunde. Bado ni mwembamba kuliko wa PS4 ya 2013, angalia hilo! Nilichokifurahia zaidi ni Metroid Prime 4 ya Desemba 2025. Ukiwa mkononi inakuuliza: unataka 1080p kwa fremu 60, au 720p kwa fremu 120? Nimesubiri miaka kuona gemu inamuuliza mchezaji swali hilo waziwazi. Lakini betri yake inatajwa saa 2 hadi 6 na nusu, karibu sawa na yako ya 2017. Miaka minane, na umeme wote walioupata umeingia kwenye picha na fremu. Mchinga itakuwa palepale.

Isipopatikana, tutengeneze ulichonacho. Unachajia na nini kwenye lori? Nadhani ni chaja ya simu ya volti 5, ampea 2. Hiyo ni wati 10 za kwenye karatasi. Toa upotevu, toa waya mrefu na mwembamba, halafu gemu inakula sita na ushee palepale unapochaji. Kinachobaki kuingia kwenye betri ni matone. Tafuta chaja ya gari ya USB-C yenye PD (mfumo wa kuchaji kwa umeme mkubwa), wati 18 kwenda juu, na hakikisha imeandikwa 12–24V, maana lori lako ni volti 24. Ya gari dogo ya volti 12 tu ukiichomeka humo itaungua, na inaweza kuondoka na mashine. Nimezipokea mbili za namna hiyo mezani kwangu, zote za watu wa malori, na bodi haikupona hata moja.

Joto nalo. Kifaa hicho kimeandikiwa nyuzi 5 hadi 35. Dashibodi ya lori saa saba mchana inapita hapo mbali sana. Usiiache pale hata imezimwa. Kama umeivisha mpira wa kulinda, angalia tundu la juu linalotoa hewa limefunikwa au la. Wiki iliyopita nimefungua moja ya kijana wa Masasi, feni imejaa vumbi jekundu limeshikana na jasho, hata haizunguki. Nilipoisafisha na kubadilisha ile gundi ya kupitisha joto, akasema imekuwa kama mpya. Ukirudi Mtwara pita Ligula nikusafishie yako. Kwa safari hii punguza mwanga wa kioo hadi nusu na zima waifai.

Utingo wa Kusini (Somanga), Ijumaa, saa 5 usiku

Nimepata chaja ya 12–24V Lindi mjini, muuza vifaa vya magari alinitafutia kwenye boksi la chini. Tumetoka asubuhi, nimecheza kwa vipande, na tulipofika Nangurukuru ilikuwa kwenye asilimia 71. Nilimwonyesha dereva, hakuelewa kwa nini nafurahi asilimia.

Mwanga nusu, waifai imezimwa, mpira nimeuvua. Kuinamisha nimezima tukitembea, maana nilijaribu kidogo kwenye kona za kabla ya Mbwemkuru na ikawa kama Dada alivyosema, natazama ukuta.

Sasa tumeegesha. Wenzangu wanakula samaki wa kukaanga, mimi niko kwenye ramani ya tatu, Foundry. Pale kwenye chumba cha chuma kinachoyeyuka, ambapo wiki iliyopita nilikufa mara tisa, nimepita mara ya pili. Ukungu uko palepale wakijaa. Ila sasa nikiuona najua ni mlango wa ghala, nasogea pembeni moshi upungue, nawangoja waje karibu ambako pikseli zao zinatosha.

Fundi, nitarudi Mtwara Jumatano ijayo mungu akijalia. Nitakuja na mashine na gunia dogo la korosho.